Jiwe Mbele ya Nyumba ya Mareko

Hapa kijijini kwetu Vailoto kila mtu ana namna yake ya kupita mbele ya mbwa. Marehemu mume wangu alikuwa hawakimbii na hawatazami. Alitembea kiubavuubavu kama kaa huku anaimba wimbo wa kanisani, mpaka mbwa wenyewe wakachoka. Mimi natumia mwavuli. Mbwa akinijia mbio namfungulia usoni, paa! Anashtuka, anasimama kulishangaa dude hilo, na mimi nimeshapita.

Rafiki yangu Fuatino hakuhitaji mwavuli wala wimbo. Yeye aliinama tu. Alishusha mkono, akagusa ardhi kwa vidole kama mtu anayeokota sindano, na mbwa wote wakageuka, mikia imekunjwa. Mbwa wa hapa Samoa anazaliwa anajua kwamba mtu akiinama kinachofuata ni jiwe. Mara nyingi mkononi mwa Fuatino hamkuwa na kitu.

"Unawadanganya viumbe wa Mungu," nilimwambia.

"Siwadanganyi, Leutu. Wenyewe ndio wana haraka ya kuamini."

Tulikuwa wajane wawili, yeye amenitangulia kwa umri na kwa ujane pia. Kila Jumapili asubuhi alinipitia, tumevaa nguo zetu nyeupe na kofia nyeupe, tukashuka pamoja kwenda ibada ya kwanza. Njiani hapakuwa na taabu isipokuwa kwenye kona, penye mshelisheli mkubwa, nyumbani kwa Ielu.

Ielu ni mkuu wa ukoo wake, mtu mpole, mkimya, lakini mbwa wake ni moto. Mkubwa wao anaitwa Uila, ndiyo kusema radi kwa lugha yetu, na jina lake amelitendea haki. Hangurumi kwanza kama mbwa wengine. Unasikia kucha tu kwenye lami, naye ameshafika.

Ielu huyo Fuatino alimlea. Mama yake Ielu alikuwa mgonjwa baada ya kujifungua, na Fuatino alikuwa na mtoto mchanga, Mareko, kwa hiyo aliwanyonyesha wote wawili, mmoja huku mmoja huku. Walikua pamoja, wakapigwa pamoja kwa kuiba mananasi ya mchungaji, wakaingia kwaya pamoja. Mareko anaimba besi, Ielu anaimba teno. Baadaye Mareko akawa shemasi. Fuatino alipenda kufumba macho kanisani wakiimba. Mimi nilidhani anasinzia, nikamgusa kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Niache. Nawasikiliza wanangu."

Mwaka ule serikali ilitia lami mpya barabara yetu. Ilikuwa nzuri, nyeusi, laini kama mgongo wa pomboo, na wafanyakazi waliifagia kando zote mbili mpaka hapakuwa na kokoto hata ya kumpigia kuku. Watu tulifurahi. Hakuna aliyewafikiria mbwa. Lakini mbwa si wajinga. Baada ya muda waliona kwamba watu wanainama na hakuna kinachokuja.

Jumapili moja nilimwambia Fuatino, "Mwenzangu, weka jiwe moja kwenye mkoba wako, pamoja na Biblia. Uila siku hizi haogopi mkono mtupu."

Alicheka mpaka akashika kofia. "Niende mbele za Mungu na jiwe kwenye mkoba? Akiniuliza la nini, nimjibu nini?"

"Mwambie ni la Uila."

"Atasema, Fuatino, na huyo Uila ni nani aliyemuumba?"

Tulikuwa bado tunacheka tulipofika kwenye kona. Nilisikia zile kucha. Nikafungua mwavuli upande wangu, na Fuatino akainama upande wake, kama alivyoinama maisha yake yote. Mbwa wawili wadogo walirudi. Uila hakurudi. Akamshika upindo wa gauni, akavuta. Fuatino alikuwa ameinama, magoti yake yalishakuwa mabovu, akaenda chini kwa ubavu juu ya lami. Nikasikia mfupa ukivunjika. Nampiga mbwa kwa mwavuli, napiga kelele, "Halu! Halu!" ambalo ndilo neno letu la kufukuzia mbwa, mpaka mwavuli ukavunjika mbavu.

Saufoi, mke wa Ielu, alitoka mbio na taulo kichwani. Alipomwona nani yuko chini, alishika mdomo. Watu walikuwa wanakuja kutoka kila upande, kila mtu anauliza mbwa wa nani, mbwa wa nani. Na Saufoi, kwa hofu tu, akasema maneno ambayo watu wa hapa tunayasema kila siku mbwa akila kuku wa jirani:

"Si mbwa wetu huyo! Ni wa barabarani."

Na Uila amesimama nyuma yake, anamlamba kisigino.

Mareko alikuwa amefika. Alimtazama mbwa, akamtazama Saufoi. Alimbeba mama yake mikononi kama mtoto. Ielu alikuwa ameshatangulia kanisani kufanya mazoezi ya kwaya. Alipata habari baadaye, na alipozipata alizipata pamoja na maneno ya mkewe.

Nyonga ilivunjika. Hospitali walifanya walichoweza, wakasema kwa umri wake arudi nyumbani atunzwe. Nikahamia kwa Mareko kumuuguza, maana wakwe zake Fuatino pale nyumbani, mke wa Mareko na wenzake, walikuwa na watoto wadogo, na mimi sikuwa na wa kumtunza ila nafsi yangu. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha uji wa kokoa na mchele. Alidhoofika polepole. Kichwa chake hakikudhoofika.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo Ielu alikaa mahali pake kwenye kwaya, na Mareko akahamia kwenye benchi la mashemasi. Besi ikapwaya. Wakati wa kutoka Ielu alimfuata mlangoni. "Kaka," alimwita. Mareko akamjibu bila kusimama, "Usinisemeshe. Nenda kasemeshe mbwa wa barabarani."

Watu walisikia. Wengine walicheka, na hicho kicheko kilifanya kazi mbaya. Ielu ni mpole lakini ni mkuu wa ukoo. Huwezi kumfanya kichekesho mbele ya watu ukategemea aje kesho na chano cha magimbi. Akakaa kwake. Mareko akakaa kwake. Zikapita wiki.

Kila jioni, kengele ya sala ikishalia na sala ikishaisha, Fuatino aliniuliza swali lile lile.

"Leo amekuja?"

"Bado."

"Atakuja. Mimi namjua, alikuwa mzito hata kuacha ziwa." Halafu aliongeza, "Mwombe Mungu aniache mpaka nione wameshikana mikono. Sitaki kingine, Leutu. Kutembea nimeshatembea."

Nikaomba. Na siku moja nikakutana na Saufoi bombani. Alikuwa amekonda. Aliweka ndoo chini, akanishika mkono.

"Mama Leutu, ni mdomo wangu huu. Ielu hanigombezi, na heri angenigombeza. Anakula, ananyamaza, anamtazama Uila."

"Njooni na mkeka," nikamwambia. "Mnangoja nini?"

"Wazee wa ukoo wanasema aliyevunjika ni wa kwao lakini aliyetukanwa ni wa kwetu."

"Aliyevunjika alimnyonyesha mumeo. Waambie hivyo."

Akalia pale bombani. Na sijui aliwaambia vipi, lakini waliamua.

Kwetu mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa, maneno hayatoshi. Ukoo wake wote unaamka kabla ya jua, unakwenda mbele ya nyumba ya waliokosewa, mkuu wao anakaa chini kwenye majani, anafunikwa mkeka bora kuliko yote waliyo nayo, ile mikeka laini kama kitambaa ambayo mwanamke huifuma miaka. Hawasemi kitu. Hawainui kichwa. Wanakaa mikononi mwa wale waliokosewa. Wakisamehewa, mwenye nyumba anatoka, anauinua mkeka. Basi, yamekwisha, na hakuna anayeruhusiwa kuyarudia.

Alfajiri ile mimi nilikuwa macho, nimemgeuza Fuatino upande wa bahari. Nyumba ya Mareko ni ya nguzo, haina kuta, ina mapazia ya makuti tu. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Nikaona kupitia upenyo watu wanakuja kwa miguu mitupu, kimya, wamevaa nyeusi. Katikati Ielu. Nyuma yake Saufoi. Na nyuma ya wote, anatembea kwa furaha kana kwamba wanakwenda pwani, Uila.

Nilishika kichwa. Walikuwa wamemwona. Mzee mmoja alikuwa anamwonyesha kwa mkono arudi, kimyakimya, na mbwa anautazama ule mkono kama anaonyeshwa mchezo. Wangemfukuzaje? Asubuhi ya namna hiyo hupigi kelele, na hushiki jiwe.

"Ni wao?" Fuatino aliuliza.

"Ni wao."

Alifumba macho, midomo ikawa inatikisika. Nilijua anashukuru.

Ielu akakaa. Saufoi akakaa karibu naye. Wakafunikwa mkeka, na niliutambua: uliofumwa na mama yake Ielu, aliyefariki, wenye manyoya mekundu pembeni. Wengine wakakaa nyuma, vichwa chini. Uila akazunguka mara moja, akajilaza mbele ya mkeka.

Mareko aliamka. Alikaa mkao wa heshima nyuma ya pazia, mgongo umenyooka, mikono magotini. Wakwe wakaamka na watoto, kila mtu kimya. Ndivyo inavyotakiwa. Mwenye kukosewa haruki kama chura. Anakaa kidogo, moyo wake ushuke.

Lakini Mareko naye ana mbwa wake, na hakuna hapa anayefunga mbwa. Walikuwa wamelala jikoni, kwenye majivu ya tanuri. Harufu ya Uila ikawafikia. Wakatoka kwa pamoja.

Tumezoea ugomvi wa mbwa. Huu ulikuwa mwingine, maana watu walikuwa katikati na hawakusogea. Uila alisimama juu ya mkeka, yaani juu ya bwana wake, akawapokea. Wakaangukiana wote hapo juu. Niliona mkeka unavutwa, unachanika, manyoya mekundu yanaruka. Nilisikia Saufoi chini yake anasema, "Yesu, Yesu, Yesu," kwa sauti ndogo. Ielu hakutoa sauti.

"Mareko," nikasema. "Waite mbwa wako."

Hakugeuza kichwa. "Si mbwa wangu hao, mama. Ni wa barabarani."

Mungu amsamehe, na mimi nimeshamsamehe. Nadhani alikuwa ameyabeba maneno hayo tangu siku ile, akitafuta mahali pa kuyatua. Lakini Fuatino alifumbua macho, akamwita kwa jina lake lote la ubatizo, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu habari za mananasi.

"Unafurahi?" akamuuliza. "Wanaumwa mbele yako na wewe umekaa unachagua maneno? Nimekunyonyesha wewe au nimenyonyesha nguzo? Inuka ukamfunue ndugu yako."

Mareko akatazama chini. Niliona mabega yake yanalegea. Akashika kamba ya pazia, akavuta, pazia likapanda, akainuka. Alikuwa ameshainuka, nasema. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi.

Na saa hiyo hiyo mmoja wa mbwa akapenya chini ya mkeka na kumshika Ielu mkono.

Sikuona uso wake. Niliona mkono wake mwingine tu, ule uliokatwa kidole kimoja na panga zamani, unatoka chini ya mkeka, unapapasa kwenye majani. Ulienda wenyewe. Mkono wa mtu yeyote wa kijiji hiki ungekwenda hivyo hivyo. Mbwa akija, mkono unashuka chini, hauulizi leo ni siku gani. Na pale mbele ya nyumba si barabarani, hapana lami. Kuna mawe meusi ya pwani tunayopanga kando ya ua. Ukalipata moja. Ukarusha.

Mbwa waliachana. Jiwe lilipita juu yao, likagonga nguzo ya nyumba, ile iliyokuwa karibu na kichwa cha Fuatino, likadondoka kwenye sakafu na kubingirika mpaka kwenye mguu wa Mareko.

Sote tulilitazama. Hata mbwa walinyamaza.

Mareko aliliokota. Akaligeuza mkononi. Halafu akarudi, akakaa mahali pake, akaliweka mbele yake, na akashusha pazia.

"Lilikuwa la mbwa," Fuatino akasema. "Mareko! Lilikuwa la mbwa."

"Mtu hatupii nyumba jiwe akiwa chini ya mkeka, mama."

"Mimi nimeinamia mawe mbele ya nyumba yake maisha yangu yote!"

"Wewe hukuwa chini ya mkeka."

Nami nikimtazama niliona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyekwisha kuinuka na kurudishwa chini mbele ya mke wake na watoto wake, na hakujua tena ainukeje. Kule nje Ielu alikuwa ameurudisha mkono ndani ya mkeka uliochanika. Damu ilionekana kwenye majani. Walikaa. Jua likatoka, likapanda, likawapiga vichwani, na hakuna aliyewapa hata maji, maana mpaka mkeka uinuliwe hakuna anayewapa.

Fuatino aliniita karibu.

"Nipeleke," akasema. "Nitauinua mimi."

"Huwezi hata kukaa."

"Nitainua nimelala. Ni mimi niliyevunjika. Nani ana haki kunizidi?"

Niliwatazama wakwe. Walimtazama Mareko, na Mareko aliangalia jiwe. Hakuna aliyeinuka. Basi nikashika pembe za mkeka wake wa kulalia, nikaanza kumvuta sakafuni. Mimi si mtu wa nguvu. Navuta kidogo, napumzika, yeye anauma meno ili asilie, anasema, "Vuta, vuta, usinitazame usoni." Tulipita mbele ya Mareko hivyo. Alijifunika macho kwa mkono.

Tulipofika kwenye pazia na nikalifunua, walikuwa wameshainuka. Mzee wao alikuwa ameona damu inazidi, akasema inatosha, wameshakataliwa. Walikuwa wanaondoka kwa mstari, Ielu ameukunja mkeka kifuani, Saufoi amemshika kiwiko, Uila anachechemea nyuma.

"Ielu!" Fuatino aliita. "Ielu, mwanangu!"

Na mbwa wa Mareko, walipowaona wageni wamewapa mgongo, wakawafuata mpaka barabarani wakibweka, wote kwa pamoja, kwa ile sauti ya ushindi. Fuatino aliita. Mimi niliita. Nilikuwa namsikia kwa shida, na kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Nikashuka ngazi, nikakimbia, mimi mtu mzima, lakini mbwa hawakunipa nafasi ya kupita, na mwavuli wangu ulikuwa umevunjika tangu Jumapili ile. Hakuna aliyegeuka. Kwetu, ukoo uliokataliwa haugeuki nyuma.

Nilimtumia Saufoi ujumbe siku ile ile, kwamba Fuatino aliita, kwamba alikuwa mlangoni. Jibu lilirudi kwamba Ielu amepelekwa hospitali ya mjini, mkono umevimba. Alipotoka huko na bandeji yake, Fuatino alikuwa amefariki. Alikwenda alasiri, bila taabu, namshukuru Mungu kwa hilo. Swali lake la jioni alikuwa ameacha kuliuliza. Siku ya mwisho alisema tu, "Ungejua kuvuta vizuri zaidi, Leutu," akatabasamu, ili nisije nikalichukua kwa uzito. Nimelichukua kwa uzito.

Kwenye mazishi Ielu alikuja na mkeka ule ule. Saufoi alikuwa ameufuma palipochanika, lakini nyuzi mpya ni nyeupe na za zamani ni za dhahabu, kila mtu aliona. Mareko alisimama kwenye ngazi akamtazama anavyokuja. Mbwa wakainuka. Mareko akasema, "Laleni!" neno moja, na wakalala.

Ielu alianza kupiga magoti. Mareko akamshika kabla hajafika chini.

"Ulikuwa unawapiga mbwa," Mareko akasema.

"Nilikuwa nawapiga mbwa."

Walishikana pale, wakalia kwa sauti, wanaume wazima, na watu wote wakalia, wakisema Bwana asifiwe, wamepatana. Nililia na mimi. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na jeneza, na nilitazama uso wa Fuatino, na macho yalikuwa yamefumbwa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumgusa kwa kiwiko.

Siku hizi Ielu anafunga mbwa wake Jumapili, kwa kamba ya mtumbwi. Ni yeye peke yake kijijini anayefanya hivyo, watu wanamshangaa. Nikifika kwenye kona, Uila anaruka mpaka kamba inamvuta shingo, na Ielu anatokeza na shati lake jeupe, mkono ule ulioumwa na mbwa bado haunyooki.

"Pita, mama. Wamefungwa."

"Asante, mwanangu."

Napita na mwavuli wangu mpya, sijaufungua. Na kila Jumapili, nikishapita mshelisheli, nasogea kando ya barabara upande wangu, nikiacha upande wa pili nafasi ya mtu kuinama.